Kosa na Lahaja: Kiswahili cha Kisiwani Mbele ya Wino Mwekundu

Barabara kongwe ya Mji wa Kale wa Mombasa, ile inayoanzia karibu na Ngome ya Yesu ikapita katikati ya nyumba zenye milango ya nakshi na roshani za mbao, inaitwa Ndia Kuu. Jina hilo limo kwenye ramani, kwenye vibao na kwenye anwani za maduka, wala hapana aliyewahi kulisahihisha. Lakini mwanafunzi anayekaa barabara hiyo hiyo akiandika katika insha kwamba alipotea ndia, ndaa ikamuuma, mato yakamjaa matozi, daftari litamrudia likiwa na mistari myekundu minne. Sema njia, ataambiwa. Sema njaa, macho, machozi.

Mwanafunzi wa dawati la pili ameandika, "Nilimwambia akuje anipatie kitabu yangu." Naye amepigwa mistari. Ukizihesabu alama walizopunguziwa, wa kwanza amekosa zaidi kuliko wa pili. Ukiitazama lugha yenyewe, wa kwanza hakukosa chochote.

Sura hii inahusu makosa ya Kiswahili yanayosikika na kuandikwa Mombasa kila siku, ya matamshi, ya sarufi na ya tahajia. Kabla ya kuyapitia, nataka tukubaliane juu ya jambo moja ambalo mengine yote yanalitegemea. Kosa ni kuvunja kanuni. Lahaja ni kufuata kanuni nyingine. Anayesahihisha bila kuyatenga mawili hayo humwadhibu mtoto kwa lugha aliyopewa na mamake, kisha akabaki bila nguvu ya kupambana na makosa ya kweli, maana wanafunzi hawajui tena kwa nini wanasahihishwa.

Kimvita kilivyotolewa darasani

Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, alifika Mombasa mwaka 1844. Kiswahili alichojifunza ni cha watu wa hapa, yaani Kimvita, na cha pwani inayopakana na hapa. Mwaka 1850 alichapisha muhtasari wa sarufi, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Wakati huohuo, Unguja, Edward Steere wa misheni nyingine ya Kiingereza alikuwa akiandika Kiswahili cha kule, na kitabu chake cha mwongozo kilitoka mwaka 1870. Tangu hapo kukawa na misheni mbili, visiwa viwili na lahaja mbili zilizotiwa kwenye chapa.

Mombasa ilibahatika kumpata pia William Taylor, mmisionari aliyekuwa na sikio kali. Alifanya kazi pamoja na Mwalimu Sikujua, mjuzi wa mji huu, na kwa jitihada zao mashairi mengi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki mwaka 1840, yaliokolewa yasipotee. Mwaka 1891 Taylor alichapisha methali za Waswahili, na katika maandishi yake alitia alama juu na kando ya herufi ili msomaji asikie tofauti ambazo alfabeti ya Kirumi haizionyeshi. Alielewa kwamba Kimvita kina sauti nyingi kuliko herufi alizokuja nazo.

Mnamo Juni 1928, hapahapa Mombasa, kulifanyika mkutano wa serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar juu ya Kiswahili cha shule. Waliokaa mezani walikuwa watawala na wamisionari, na mwanaisimu Carl Meinhof kutoka Ujerumani alikuwapo. Watu wa Church Missionary Society walikitetea Kimvita. Uamuzi ukaangukia Kiunguja, lahaja iliyokwisha kusafiri na misafara ya biashara hadi bara na kuzoeleka Tanganyika. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kuunganisha tahajia na kupitisha vitabu, na mwaka 1939 kamusi yake ikachapishwa.

Msomaji alitie hili moyoni: mkutano ule haukuamua kwamba Kimvita kina makosa. Uliamua kwamba vitabu vya shule za nchi nne vitachapishwa kwa namna moja, na namna hiyo itatoka Unguja. Huo ulikuwa uamuzi wa kupanga mambo, na una faida zake hadi leo. Lakini miaka ilipopita, watu walisahau kwamba ulikuwa mpango, wakauchukua kuwa hukumu. Na Kenya ilipoingia katika mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa, hukumu hiyo ikageuka alama kwenye karatasi ya mtoto.

Wapo waliosimama kuitetea lahaja. Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu na mtafiti wa Mombasa, aliihariri diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, *Malenga wa Mvita*, iliyotoka mwaka 1971, na kitabu alichoandika pamoja na Mathias Mnyampala, *Historia ya Kiswahili*, kilichapishwa mwaka 1977, yeye akiwa amekwisha kufariki. Watu hawa hawakuwa wakipinga Kiswahili sanifu. Walikuwa wakikumbusha kwamba sanifu ina ndugu, na ndugu hao wana heshima yao.

Yasiyokuwa makosa

Tumrudie mwanafunzi wa Ndia Kuu tumsikilize vizuri. Pale sanifu inaposema macho, kichwa, machozi, mchele, kucheka na kuchinja, Kimvita husema mato, kitwa, matozi, mtele, kuteka na kutinda. Pale sanifu inaposema njia, njaa na njoo, Kimvita husema ndia, ndaa na ndoo. Mama wa Kibokoni anapomwita mwanawe "Ndoo hapa!" haiti ndoo ya maji.

Je, mtoto huyu anabadilisha ch kuwa t kiholela? Hata kidogo. Hutamsikia akisema "takula" badala ya chakula, wala "tumba" badala ya chumba, wala "tombo" badala ya chombo. Katika maneno hayo ch ilitokana na kiambishi ki- kilichokutana na irabu: ki-akula, ki-umba, ki-ombo. Ch ya namna hiyo hubaki ch Mombasa kama inavyobaki Unguja. Ch ya macho ina asili nyingine, na hiyo ndiyo ambayo Kimvita huitamka t. Kanuni hii haikuandikwa ubaoni na mwalimu yeyote, lakini mtoto wa miaka sita wa Mji wa Kale huifuata bila kuteleza. Namna yenye kanuni iliyonyooka hivyo haistahili kuitwa kosa.

Yapo pia mambo ambayo maandishi yetu hayayaoni kabisa. Mmvita anatamka t mbili, moja ya ulimi kugusa meno na nyingine ya ulimi kurudi nyuma kidogo kwenye ufizi. Anatofautisha pia p, t na k zinazotoka na pumzi na zile zisizo na pumzi. Paa la nyumba halina pumzi. Paa, yule mnyama wa porini, anayo. Kaa la moto halina; kaa wa baharini anayo. Tembo la mnazi halina. Tembo mwenye mkonga anayo. Kwa wengi wetu jozi hizo ni neno moja lenye maana mbili. Kwa mzee wa Mkanyageni ni maneno mawili, na ukiyachanganya anasikia.

Katika vitenzi, Kimvita husema yuwasoma pale sanifu inaposema anasoma. Husema pia twenda, wataka, napenda, kwa kile kiambishi -a- cha wakati uliopo ambacho sanifu inacho katika vitabu vya sarufi lakini imekiachia washairi. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alipoandika waraka uliomtia gerezani miaka mitatu, aliupa jina *Kenya: Twendapi?* Swali hilo lilieleweka na nchi nzima, na waliomfunga nao walilielewa.

Na hapa pana kitendawili kinachofaa kuwashughulisha walimu. Mtihani wa kidato cha nne una karatasi tatu za Kiswahili: ya insha, ya lugha na ya fasihi. Katika karatasi ya fasihi, mwanafunzi akikutana na shairi lenye neno mato, hufundishwa kuandika kwamba mshairi ametumia lahaja, na kwamba huo ni uhuru wake. Hupewa alama kwa kulitambua. Katika karatasi ya insha, akiliandika neno lilelile, hupunguziwa. Mtoto wa Mvita anajifunza hivi kwamba maneno ya nyumbani kwake ni mapambo yakiwa kwa mshairi na ni uchafu yakiwa kwake.

Sisemi mtoto aachwe aandike Kimvita kwenye insha. Insha ya mtihani husomwa na watu wa nchi nzima, na barua ya kazi huenda ikasomwa na mtu wa Kigoma au Goma. Sanifu ni njia ya kufika huko, na mtoto ana haki ya kupewa. Ninachokitaka ni mwalimu amwambie ukweli: "Kwetu husema ndia, na ni Kiswahili cha haki, katika insha andika njia." Sentensi moja inatosha. Mtoto aliyeambiwa hivyo ana lahaja mbili mkononi. Aliyeambiwa "umekosa" anaanza kuinyamazia moja, na mara nyingi inayonyamaza ni ile ya bibi yake.

Matamshi: sauti zinazopotea na sababu zake

Sasa tuje kwenye makosa yenyewe. Mombasa ni mji wa bandari. Ujenzi wa reli ulianzia hapa mwaka 1896, ukafika Kisumu mwaka 1901, na tangu wakati huo watu wa kila pembe ya nchi wamekuja kufanya kazi Kilindini, Changamwe, Likoni na Kongowea. Kila aliyekuja alikuja na ulimi wake. Makosa mengi ya matamshi hayatokani na uvivu. Yanatokana na lugha ya kwanza ya msemaji, ambayo ina sauti zake na haina nyingine.

Kosa kubwa kuliko yote ni la sauti dh, th, z na s. Thamani ni bei au ubora wa kitu. Samani ni viti na makabati. Zamani ni wakati uliopita. Fundi seremala anayetangaza "zamani za bei nafuu" anauza kitu ambacho hakipo. Kurithi ni kupokea mali ya aliyefariki. Kuridhi ni kukubali kwa moyo. Mtu akisema "mzee amenirithi" akitaka kusema "ameniridhi", familia nzima itageuza shingo. Sauti dh na th ziliingia Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu, na watu wa kisiwani huzitamka bila taabu kwa kuwa wamezisikia tangu utotoni, nyumbani na chuoni.

Katika maandishi kosa hili huja na sura nyingine. Wengi huandika "tafathali", "fetha", "thahabu". Sababu moja inajulikana. Katika Kikuyu, herufi th husomwa kwa sauti ileile ambayo Kiswahili huiandika dh. Lisikilize jina la mji wa Thika likitamkwa na wenyewe. Aliyejifunza kusoma kwa tahajia hiyo anapoandika "fetha" hajakosea sauti. Amechukua herufi ya lugha moja akaitia katika nyingine. Mwalimu anayelijua hilo hahitaji kufoka. Huandika maneno mawili ubaoni, moja la kila lugha, na jambo linaeleweka.

Vivyo hivyo kwa r na l. Kikuyu hakitenganishi sauti hizi mbili, kwa hiyo kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari hugongana. Msimu wa uchaguzi kosa hili husikika kwenye kila jukwaa. Zipo lugha za Bonde la Ufa zisizotenganisha p na b, na ndipo baba anapogeuka papa. Kijaluo hakina sh wala z, na shamba huwa samba. Mwenye kucheka mtu kwa makosa haya ajaribu yeye kutamka irabu zote za Kikuyu, ambazo ni saba, aone ulimi wake utakavyosalimu amri.

Gh nayo inakonda. Lugha inakuwa "luga", gharama "garama", shughuli "shuguli". Kwa kh, mambo ni tofauti, na msahihishaji anapaswa kuwa na hadhari. Mzee wa Mji wa Kale anayesema khabari, khofu na kheri hajakosea. Tahajia sanifu imechagua habari, hofu na heri, na hivyo ndivyo tunavyoandika, lakini masalkheri ya jioni ingali inatamkwa na kh yake barazani, na iendelee.

H inataka uangalizi zaidi kuliko zote kwa sababu sasa inapotea hata midomoni mwa vijana wa kisiwani. "Ata mimi nilikuwa apa" limekuwa jambo la kawaida. Lakini ama ni neno la kuchagua, na hama ni ondoka. Ua ni la bustani, na hua ni ndege. Aya husomwa, na haya huonwa. Na urefu wa irabu una maana vilevile: kufa si kufaa, kupa si kupaa. Anayeandika kwa haraka "hii dawa itakufa" akikusudia itakufaa ameandika jambo la kumtisha mgonjwa.

Dawa ya makosa ya matamshi ni jozi za maneno. Orodha ya sheria haisaidii sana. Mpe mwanafunzi kura na kula, ridhi na rithi, kufa na kufaa, atunge sentensi, azisome kwa sauti mbele ya mwenzake, na mwenzake aseme amesikia neno lipi. Sikio likishaitambua tofauti, ulimi hufuata.

Sarufi: kitabu yangu, akuje na kwa mfuko

Mwanafunzi wa dawati la pili aliandika "akuje". Kosa hili limeenea Kenya kiasi kwamba wengi hawalisikii tena: wacha nikuje, usikule, tukunywe chai. Kanuni yake ni rahisi na inapendeza ukiielewa. Vitenzi vya silabi moja, kama -ja, -la, -nywa na -fa, ni vifupi mno. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi vya wakati -na-, -li-, -ta- na -me- havibebi mkazo. Kwa hiyo ku- husalia pale ili iubebe: anakuja, alikula, atakunywa, amekufa. Mahali ambapo kiambishi kilichotangulia kinaweza kubeba mkazo, ku- haina kazi, nayo huondoka: aje, nile, tunywe, usije, akila, huja. Ndiyo maana "mimi hukuja kila Jumamosi" ni kosa, kwa kuwa hukuja maana yake ni wewe hukufika.

Watu wa kisiwani hawalifanyi kosa hili wakiwa wamekulia katika lugha. Nije, nile, usije hutoka bila kufikiriwa. Ni vivyo hivyo katika upatanisho wa ngeli. Bibi wa Mji wa Kale ambaye hakuingia shule atasema kitabu changu, jina langu, maji mengi, siku nyingi, chakula kimepoa, maneno yale ambayo mwanafunzi aliyekariri majina yote ya ngeli, A-WA, KI-VI, LI-YA mpaka PA-KU-MU, ataandika kitabu yangu, jina yangu, maji mingi, siku mingi. Mingi ina mahali pake: miti mingi, mikono mingi, miaka mingi. Nje ya hapo haina kazi. Hili ndilo linalonifanya nisisitize heshima ya lahaja. Mtoto anayepigwa mistari kwa sababu ya ndia mara nyingi ndiye aliyeihifadhi sarufi ambayo shule inahangaika kuifundisha. Angeketishwa mbele, wenzake wamsikilize.

Ngeli za mahali ndizo zinazoumia zaidi. "Niko kwa nyumba", "ameweka kwa mfuko", "tuliketi kwa meza": kiambishi -ni kimeachwa, na kwa imebebeshwa kila kitu. Kiswahili husema niko nyumbani, ameweka mfukoni, tuliketi mezani. Kwa ina kazi zake, kama katika nilikuja kwa gari au nilikwenda kwa mjomba. Na anayeiacha -ni anapoteza zaidi ya silabi moja, kwa sababu nyuma yake kuna mlango wa mambo matatu: nyumbani pangu ni pale hasa, nyumbani kwangu ni huko kwa jumla, nyumbani mwangu ni ndani. Yote hayo husemwa kwa kubadilisha kiambishi kimoja tu.

Mengine tuyapitie upesi. Kitabu ambayo ni kitabu ambacho, watu ambayo ni watu ambao. Ako wapi ni yuko wapi, na hapa Kimvita na sanifu ni kitu kimoja. Anakujanga na hakunanga zimepata -nga kutoka lugha za bara zinazoonyesha mazoea mwishoni mwa kitenzi. Kiswahili huyaonyesha mwanzoni, kwa hu-: huja, husoma, hulala. Angekuja ningempa, angalikuja ningalimpa: ukianza na -nge- maliza nayo, na ukianza na -ngali- vivyo hivyo.

Na lipo kosa linalozaliwa na woga wa kukosea. Mwanafunzi aliyesahihishwa mara nyingi kwa sababu ya ngeli huanza kuandika rafiki wangu, ndugu wangu, adui wangu, akidhani kwamba kila mtu lazima achukue w. Maneno haya na mengi ya ujamaa huchukua yangu na zangu: rafiki yangu, ndugu zangu, baba yangu. Wekundu wa kalamu uliopita kiasi ndio uliomfikisha hapo. Kila mfundishaji anapaswa kulikumbuka hilo anapokaa na rundo la madaftari.

Tahajia: kuunganisha na kutenga

Zunguka kutoka Marikiti hadi Mwembe Tayari ukisoma vibao vya maduka na maandishi ya ukutani. Utakuta "Usi tupe taka apa", "Tuna uza maji", "Kwanini uteseke?" Kosa ni moja, yaani kutojua neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Jaribio lipo, na halihitaji kitabu. Jaribu kuchomeka neno jingine katikati. Kati ya kwa na sababu unaweza: kwa ile sababu. Basi kwa sababu ni maneno mawili, na kwa nini ni mawili pia. Kati ya tuna- na -uza huwezi kuchomeka neno. Kati ya alipo- na -fika katika alipofika huwezi. Kwa hiyo kila moja ni neno moja, nalo liandikwe pamoja.

Kibainishi cha ng' ni kidogo kwa umbo, lakini kina kazi. Ng'ombe si ngombe, na anayevuka kwa feri kwenda ng'ambo ya Likoni hajaenda "ngambo". Kwenye simu wengi hukiacha kwa sababu ya haraka. Haraka ya simu ina mahali pake. Kijana anayemwandikia mwenzake "cjui" na "xaxa" anajua anachofanya, na mwenzake anamwelewa. Shida huja siku mkono uliozoea hivyo unapoandika barua ya kuomba kazi katika ofisi ya kaunti na "xaxa" ikajipenyeza. Kijana na afundishwe nyakati mbili hizo, asitukanwe kwa ile ya kwanza.

Kuna w na y za katikati: chukuwa, uwongozi, sikiya. Sanifu huandika chukua, uongozi, sikia. Lakini tazama historia kabla ya kucheka. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa Mombasa aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliyechapisha magazeti *Sahifa* na *Al-Islah* mwanzoni mwa miaka ya 1930, ana mkusanyiko wa makala uliotoka kwa jina la *Uwongozi*. Huyo hakuwa mtu asiyejua kuandika. Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu karne nyingi kabla ya herufi za Kirumi, na wanazuoni wa mji huu walihangaika na hati hizo ili zibebe p, ch, v na ng ambazo Kiarabu hakina. Walikuwa na desturi yao ya kuandika. Leo tunaandika uongozi kwa sababu tumekubaliana hivyo tusomane kutoka Lamu hadi Lubumbashi, na makubaliano yanatosha kuwa sababu. Hayahitaji kuongezewa dharau.

Namna ya kusahihisha

Mambo haya hayako kwetu peke yetu. Kiingereza cha Lagos kina desturi zake ambazo Mwingereza wa London huziona ngeni, na wasomi wa Nigeria wamefanya kazi kubwa ya kutenga yaliyo makosa na yaliyo mazoea ya jamii nzima yenye mpango wake. Waswahili tuna sababu zaidi ya kuifanya kazi hiyo, kwa maana sisi ndio wenye lugha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha yenye cheo hicho inahitaji wasahihishaji wenye elimu, na elimu ya kwanza ya msahihishaji ni kujua sababu.

Kwa hiyo kabla ya kutia mstari mwekundu, mwalimu, mhariri au mzazi ajiulize: namna hii ina kanuni? Ikiwa inayo, kama ndia na mato, asiandike kosa. Aandike pembeni neno la sanifu, na aseme ni la sanifu. Ikiwa haina, kama kitabu yangu na nikuje, atafute chanzo chake: ni lugha ya kwanza ya mwanafunzi, ni haraka ya simu, au ni sheria iliyokaririwa bila kueleweka? Kila chanzo kina dawa yake. Aliyechanganya r na l apewe jozi za maneno. Aliyesema nikuje aelezwe habari ya mkazo. Aliyetenga tuna na uza aonyeshwe jaribio la kuchomeka neno. Wahenga walisema kukosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, lakini mtoto hawezi kuacha kurudia jambo ambalo hakuelezwa kwa nini ni kosa.

Na katika madarasa ya Mombasa, mwalimu aliyetoka bara asione haya kumwuliza mwanafunzi wa Mji wa Kale, "Nyinyi hili mwalisemaje?" Jibu atakalopewa litamfundisha sarufi, na mtoto atajua kwamba alichoingia nacho darasani ni elimu. Shule inayoanza hapo itawapa watoto wake Kiswahili sanifu kwa urahisi zaidi, kwa kuwa itakuwa inakijenga juu ya Kiswahili ambacho tayari wanacho.